Mama wa Koti la Zambarau na Jezi ya Kipa

Nilionywa kuhusu yule mama mapema kabisa, hata sijazoea njia ya kwenda bafuni.

“Kuna mama wa koti la zambarau,” aliniambia kipa niliyemkuta kwenye timu. “Kila mwaka, Usiku wa Pinki, ananunua jezi ya kipa. Ukimkabidhi atakuvuta shingo akunong'oneze kitu. Wewe usisikilize. Yule ana nuksi.”

Nikacheka. “Kwani wewe alikunong'oneza nini?”

Jamaa akafunga zipu ya begi lake, akaangalia pembeni.

Siku chache baadaye klabu ikamhamisha. Asubuhi tulikunywa naye kahawa, mchana kabati lake lilikuwa tupu. Mimi nikawa kipa namba moja, na lile neno nuksi likabaki kichwani.

Naitwa Garrett Niskala, ila pale Duluth, mji wa theluji kule Marekani, hakuna anayeniita hivyo. Wananiita Nisky. Nilikuwa nacheza hoki ya barafu ligi ya chini, zile timu ambazo basi likikwama kwenye theluji wanaoshuka kusukuma ni wachezaji wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kusimama golini nipigwe na kisahani kigumu cha mpira kilichogandishwa makusudi. Watu huniuliza kama kinauma.

Jamani, kinauma.

Haya, tuje kwenye kilichonipata.

Jumapili moja ya Januari nilikuwa nyumbani kwa wazazi. Mama kaweka viazi na nyama ya kusaga kwenye oveni, mimi na baba tukaingia sauna, kile chumba cha mvuke, kama tulivyozoea. Baba akatoka mapema. Nikabaki najimwagia maji, mkono ukapita kwenye korodani ya kushoto.

Nikaacha kuoga.

Kulikuwa na kinundu. Kidogo, kigumu, kama punje ya njegere kavu. Nikakibonyeza, hakikuuma. Nikakibonyeza tena kwa nguvu, naomba kiume.

Wapi.

Moyo ukafanya paa! Halafu, niwaambie ukweli, nikajituliza mwenyewe. Sisi watu wa hoki tuna kipimo kimoja tu cha ugonjwa, nacho ni maumivu. Beki wetu Thibault alicheza na taya lililovunjika, akawa anakunywa supu kwa mrija na hakuna aliyemshangaa. Kinachouma ndicho tunachompelekea Vern, tabibu wa timu. Kisichouma hatukihesabu kabisa.

Nikajiambia ni kisahani tu, kimenipiga wiki iliyopita, kitapoa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Tulikuwa tunashinda.

Kama hujawahi kukaa na wacheza hoki hutaelewa. Timu ikianza kushinda mfululizo, hakuna kinachobadilishwa. Soksi hazifuliwi. Ndevu hazinyolewi. Kila mtu anakaa kiti kile kile kwenye basi, hata kama kimevunjika. Na kipa siku ya mechi haongeleshwi wala haguswi, anaachwa kama alivyo mpaka mechi iishe. Sasa mimi ndiye nikaonekane natoka kwenda hospitali? Trask, kipa wa akiba, angekaa golini siku hiyo hiyo. Akishinda, mimi ndio basi. Tukifungwa, nimeleta mkosi. Nikauchuna.

Kile kinundu hakikupoa.

Kila asubuhi mkono wangu unaenda pale kabla macho hayajafunguka vizuri. Kila asubuhi kipo. Baadaye hakikuwa njegere tena, kilikuwa harage. Nikaanza kuvaa nikiwa nimegeukia ukuta. Nikaanza kuoga wa mwisho. Wenzangu wakanitania, “Oyaa, Nisky siku hizi ana haya kama bibi harusi,” na mimi nacheka nao.

Nilikuwa naogopa, ndugu zangu. Sitaki kujifanya mwanaume hapa. Niliogopa mpaka chakula kikawa hakipandi.

Sasa ikaja Februari, na Usiku wa Pinki.

Usiku wa Pinki ni mechi moja kila mwaka ambayo klabu inaipaka kila kitu rangi. Barafu yenyewe inatiwa rangi. Jezi, soksi, kamba za viatu, utepe wa fimbo, kila kitu pinki, kwa ajili ya saratani ya matiti. Nje kwenye maegesho linakuja lori la kupimia wanawake. Baada ya mechi jezi zinapigwa mnada, na aliyeshinda anashuka uwanjani, mchezaji anaivua mwilini na kumkabidhi, picha, makofi, mwisho.

Na sitaki mtu aje hapa kuniambia pinki ni upuuzi. Mama yangu, Lorna, aliingia kwenye lile lori mwaka mmoja kabla sijaanza kuichezea timu. Aliingia kwa sababu ukipimwa unapewa kofia bure. Wakamkuta na saratani, ikiwa ndogo bado. Wakamtoa titi moja, akapona. Kofia yenyewe anayo mpaka leo, anavaa akizoa theluji mlangoni.

Kwa hiyo mwaka ule klabu ilimchagua mama adondoshe kisahani cha kuanzisha mechi. Na mimi, mtoto wake, golini. Gazeti la pale likatupiga picha.

Siku mbili kabla, Marlys aliingia chumba cha kubadilishia nguo na maboksi. Marlys ndiye dada wa tiketi na matangazo, mdomo wake hauna breki.

“Wanangu, pinki hiyo. Vaeni bila kulalamika. Nisky, jezi yako mgongoni haina jina lako, ina la mama yako.”

Thibault akachukua soksi, akazinyanyua juu kwa vidole viwili. “Marlys, nikuulize. Hivi kwa nini kila mwaka ni matiti? Babu yangu kaondoka na tezi dume. Mjomba kaondoka na utumbo. Mbona hatujawahi kuvaa soksi za mjomba?”

Chumba kizima kikacheka. Marlys akaweka boksi chini.

“Unataka jibu la kwenye maikrofoni au langu?”

“Lako.”

“Haya. Ligi zote, kubwa na ndogo, zinawataka wanawake jukwaani. Wanaume wenzenu mshawapata, mtakuja hata kama tukiwauzia bia ya moto. Mama akipenda, nyumba nzima inakuja. Halafu pinki inapendeza, kofia inauzika, kikombe kinauzika. Na hao wanawake walihangaika miaka na miaka mpaka kulitaja titi hadharani ikawa sio aibu. Sisi tumekuja kudandia gari ambalo tayari linatembea. Sasa mjomba wako, Mungu amrehemu, nani atamnunulia mtoto wake kofia ya utumbo?”

“Na je mapumbu?” mtu akapayuka kutoka nyuma.

“Niambie picha gani niweke kwenye bango, nitaweka leo!”

Watu wakaanguka kwa kicheko. Thibault alilala chini kabisa. Hata Trask, ambaye hacheki ovyo, alikuwa anajifuta machozi.

Mimi nilicheka kuliko wote. Mikono yangu ilikuwa ya baridi mpaka nikashindwa kufunga kamba za viatu.

Nilikaa pale nikawaangalia. Vijana ishirini na kitu, wote tuna umri ule ule, na baadaye nilikuja kujua kwamba ugonjwa niliokuwa nao unapenda hasa vijana wa umri wetu. Hakuna hata siku moja mtu aliyeingia chumba kile akatuambia jikagueni. Matiti tunayajua. Tunajua yanapimwaje, lini, na lori linakaa wapi.

Usiku wenyewe ukafika. Watu wamejaa mpaka ngazini.

Mama akatembea kwenye zulia juu ya barafu, na kofia yake ya bure kichwani. Watu wote wakasimama. Akadondosha kisahani, kisha akaja golini kunikumbatia, na akaninong'oneza, “Mwanangu, umekonda. Una nini?”

“Ligi ngumu, mama.”

“Unanidanganya.”

“Mama, watu wanatuangalia.”

Akaniangalia kidogo, akaondoka. Nilitamani nimwite. Nilitamani nimwambie pale pale, mbele ya watu wote. Nikavuta kofia ya chuma usoni.

Tukacheza. Kipindi cha mwisho tunaongoza kwa bao moja, jamaa wao mmoja akapiga shuti la chini. Nikafunga miguu. Kisahani kikanigusa kwenye kinga, ile kinga ya plastiki ya kule chini.

Kikanigusa tu, kwa pembeni, na nimeshapigwa vibaya zaidi ya pale mara nyingi sana.

Lakini maumivu yaliyonipata hayakuwa ya duniani. Yalipanda tumboni, yakaja mgongoni, pumzi ikakata. Nikaanguka kifudifudi kwenye ile barafu ya pinki, na nikasikia watu wanacheka. Si kwa ubaya. Kipa akipigwa pale huwa wanacheka, ndivyo ilivyo. Skrini kubwa ikarudia tukio taratibu, na wakaweka sauti ya kengele. Ngee! Uwanja mzima ukacheka tena.

Nikiwa chini nikawaza jambo moja tu. Ninakufa, na wanacheka.

Vern akaja anateleza. “Nisky, wapi?”

“Pale pale.”

“Pumua. Kila mwanaume humu ndani anakuonea huruma.” Halafu akaacha kutabasamu. “Mbona umekuwa mweupe hivyo? Twende nyuma nikuangalie.”

“Niache, Vern. Tunashinda.”

“Kijana, nakuangalia dakika moja tu.”

“Nimesema niache!”

Kwenye benchi, Trask alishaanza kuvaa glavu. Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikamaliza mechi, tukashinda, na wenzangu wakanirukia.

Kisha wakatandika zulia kwa ajili ya mnada wa jezi.

Tukajipanga. Washindi wakaanza kushuka mmoja mmoja, watoto, wababa, akina dada na simu zao. Na kule mwisho wa mstari nikaliona koti la zambarau.

Jasho likanitoka upya. Alikuwa mama mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimekatwa fupi, anatembea kwa kujishika. Watu wote pale wanachekelea, yeye hacheki. Uwanja mzima ni pinki, yeye peke yake zambarau. Thibault akanigusa kiwiko. “Mama wa nuksi huyo. Usimsikilize, bwana.”

Nikavua jezi, nikamkabidhi. Mpiga picha akasema sogeleaneni.

“Inama,” yule mama akaniambia.

“Mama, picha kwanza.”

“Nimesema inama.”

Akanishika shingo. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akaweka mdomo kwenye sikio langu.

“Kile kisahani kimekugusa tu. Nimeona. Mwanangu Nels alisimama kwenye goli hili hili, na alianguka hivi hivi, kwa mguso mdogo tu, na watu wakacheka. Nami nilicheka. Alikuwa na kinundu, akakificha mpaka kikapanda kwenye mapafu. Wewe unacho?”

Nikamshika bega kama vile yeye ndiye mkubwa na mimi mtoto.

“Itikia kwa kichwa tu,” akasema.

Nikaitikia.

“Basi usilale nacho usiku mwingine bila kumwambia mtu. Mama yako yuko pale. Nenda.”

Mpiga picha akapiga picha. Ninayo mpaka leo. Unaona mama mmoja wa koti la zambarau na jitu moja limefunga macho.

Nilimkuta mama kwenye maegesho, karibu na lile lori, anawapungia watu. Nikamvuta pembeni, nikamwambia. Nilifikiri atalia. Akanipiga ngumi ya kifua.

“Mimi nimetembea na titi moja mbele ya mji mzima! Nimepigwa picha gazetini! Halafu wewe, mtoto wangu wa kumzaa, unaona haya kuniambia mimi?”

Kisha ndio akalia. Tukalia wote, watu wanapita wanafikiri ni furaha ya ushindi.

Kesho yake nilikuwa hospitali. Daktari, dada mmoja mpole, alipitisha kifaa cha kupigia picha za ndani, akapitisha tena. Nikamwambia, “Sema tu, dokta.” Akasema ni kansa, na imeanza kupanda tumboni, lakini hii tunaijua na wengi wanapona. Wakaitoa korodani wiki ile ile. Baadaye zikafuata dawa za mishipani. Nywele zikaondoka, ladha ya chakula ikaondoka, kuna asubuhi nilikuwa nalia kwa sababu ya harufu ya sabuni tu.

Klabu ikatangaza kwamba Niskala ana jeraha la sehemu ya chini ya mwili. Ndivyo tunavyosema kwenye hoki, jeraha la juu au jeraha la chini, hakuna zaidi. Mashabiki mtandaoni wakaandika, “Kwa kile kisahani? Legelege huyo.”

Yule mama alikuja kunitembelea na sufuria ya kuku na wali. Anaitwa Ardis. Jezi yangu alikuja nayo, amefunika nayo sufuria chakula kisipoe.

“Ninazo nyingi kabatini,” akasema. “Zote za makipa, zote pinki. Na rangi yenyewe siipendi.”

Nikamuuliza, kwa nini hivyo? Kwa nini asiseme wazi?

“Nilisema. Nels alipofariki nilikwenda ofisi za klabu, nikaomba usiku mmoja tu kwa ajili ya wavulana. Wakanipa kahawa. Wakawa wapole sana. Mwisho mmoja akaniambia ukweli, kwamba wadhamini hawataki neno lile litajwe mbele ya familia. Nikarudi nyumbani nikakaa. Halafu nikagundua kwamba kwenye ule usiku wao wa pinki, anayenunua jezi anaruhusiwa kumsogelea mchezaji. Huo ndio mlango pekee waliouacha wazi, nikaanza kupita humo. Sina ugomvi na pinki, Garrett. Mama yako yuko hai. Nilitaka tu na nyie muambiwe.”

“Na yule kipa wa kabla yangu? Wanasema ulimroga.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Yule alihamishwa tu, masikini. Nilimwambia ajikague, akakimbia kama nimemtaka uchumba!”

Alipokuwa anaondoka akashika kitasa cha mlango. “Miguu yangu haiwezi barafu tena. Mwakani nunua wewe.”

Nilipona. Nimebaki na moja na maisha yanaendelea vizuri, asanteni kwa kuniuliza. Ila sikurudi golini. Goli alilichukua Trask.

Usiku wa Pinki wa mwaka huu ulikuwa Jumamosi iliyopita. Nimekaa jukwaani na mama na kofia yake. Jezi ya kipa ilipotajwa, nikanyoosha mkono mpaka wanunuzi wengine wakachoka kushindana nami. Nikashuka kwenye zulia. Thibault akaniona, akapiga kelele, “Nisky! Umekuwa mama wa zambarau?”

Trask akanikabidhi jezi anacheka. Nikamshika shingo.

“Inama.”

“Acha ujinga, Nisky, watu wanaangalia.”

“Inama, mwana.”

Akainama. Nikamwambia yote, kwa haraka, kama nilivyoambiwa. Ukiwa unaoga, maji ya moto, jishike moja moja. Ukikuta kinundu kigumu, nenda. Kisipouma, ndio nenda haraka zaidi.

Nikategemea atanisukuma. Trask hakunisukuma. Alibaki ameinama, kichwa chake kwenye bega langu, na kicheko chake kikaisha.

Mpiga picha akasema, “Tabasamuni!”

“Nisky,” Trask akasema kwa sauti ndogo sana. “Kigumu vipi?”

Jamani.

Haya ninayaandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Trask yuko hapa pembeni, mguu wake unatikisika mpaka benchi zima linatikisika. Nimemwambia ninaandika, akasema andika, taja na jina langu, labda kuna mtu atasoma. Jezi yake ya pinki nimeipakata.

Wanaume wenzangu, ligi haitakuletea lori la korodani. Usisubiri rangi yako ipatikane. Leo ukioga, mkono unao. Na nyie akina mama, waulizeni watoto wenu wa kiume bila kuona haya, maana wao wataona haya kwa niaba ya wote.

Nesi ametoka, anaita jina lake.

Trask amenishika mkono, anasema twende wote. Naweka simu mfukoni.